Bunduki ya Hajji Magidu na Bima ya Wakili

Nilirudisha funguo za ghala la silaha la polisi Ijumaa iliyopita, na mkono wangu wa kulia bado unazitafuta kiunoni kila asubuhi. Nyinyi mliobaki mle ndani mliniomba niwaandikie niliyojifunza. Vyeo sitavitaja. Vilikuja vikiwa vimechelewa na havikunifundisha kitu. Nitawaandikia kuhusu kutu, kuhusu masizi, na kuhusu mtu mmoja niliyekaribia kumpeleka gerezani kwa kumfundisha usafi.

Nilipoletwa ghalani Jinja, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilikuwa askari wa kawaida aliyechoka kusimama barabarani. Nilitoka Teso na Kiswahili changu cha kambini, kile kinachojua kuamuru kuliko kuomba. Mkuu wangu alikuwa Sajini Ochwo, mtu wa Tororo, mfupi, mwenye vidole vyeusi visivyotakata hata siku ya Pasaka. Hakunisalimu. Aliniwekea mezani bunduki iliyookotwa kinamasini, chupa ya mafuta, kitambaa na fimbo ya kusugulia.

"Ukimaliza niite," alisema.

"Nitajuaje nimemaliza, afande?"

"Itakuambia yenyewe."

Siku ile haikuniambia kitu, wala ya pili. Siku ya tatu niliinua mtutu kuelekea dirishani, nikachungulia, na nikaona mwanga umejizungusha ndani yake, pete ndani ya pete, mpaka mwisho. Sajini alikuwa amesimama nyuma yangu, sijui tangu lini.

"Karibu ghalani," alisema, na hapo ndipo akanipa mkono.

Kazi yetu nyingine, mbali na silaha za askari, ilikuwa kukagua bunduki za raia wenye leseni. Walikuja mara moja kwa mwaka, kila mmoja na bunduki yake imefungwa kwenye gunia au shuka kama mtoto mgonjwa. Katika kundi la kwanza nililolikagua alikuwamo mwalimu mstaafu wa Budondo, aliyekuwa na bunduki ya kutishia ngedere shambani. Alituambia inafanya kazi vizuri kabisa kwa kuwa hajaigusa tangu mwaka uliopita. Sajini alichungulia mtutu, akaniita nami nichungulie. Kulikuwa na giza tupu. Nyigu walikuwa wamejenga humo nyumba ya udongo, vyumba kwa vyumba, imeziba kama saruji.

"Mwalimu," Sajini alisema, "ungefyatua hii, ngedere wangekuja kukuzika."

Mwalimu alikaa chini bila kutafuta kiti. Sajini alimpa chai, kisha akamfundisha sheria yake mwenyewe, ambayo nami niliishika kama nadhiri: bunduki iliyofyatuliwa isafishwe kabla mwenyewe hajanywa maji. Na ikiwa ina mitutu miwili, isafishwe yote miwili, hata ule ambao haukutumika. Sajini alisema kutu haiulizi ni upande gani ulifanya kazi.

Miaka michache baadaye nilihamishiwa Mbale, na ghala lile likawa langu peke yangu. Nilifika na sheria ya Sajini kichwani na fimbo yake ya kusugulia mfukoni, maana alinipa siku ya kuagana akidai kwamba imepinda. Haikuwa imepinda.

Mbale ilinifundisha adabu. Watu wengi kule walikuwa bado wanakisikia Kiswahili kwa masikio ya miaka ya utawala wa wanajeshi. Nilikwenda mtaa wa Malukhu kumkumbusha mzee mmoja kuhusu ukaguzi, nikasema kwa sauti ya upole kabisa, "Fungua mlango, mzee," na nikasikia komeo la pili likiingia. Tangu siku hiyo nilianza na "mulembe", salamu yao ya amani, kama wenyeji, nikasubiri nijibiwe, na ndipo nikaendelea na lugha yangu ya kazi.

Aliyeniokoa na upweke wa mji ule alikuwa Hajji Magidu. Alikuwa na mashine ya kusaga mahindi Busiu, kwenye barabara ya Tororo, na nyumba Malukhu. Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu kwa sababu alinunua vipuri Kenya. Bunduki yake ilikuwa ya marisau, ya mitutu miwili. Alikuwa ameiombea leseni baada ya majirani zake wawili kuvamiwa. Siku ya kwanza aliniletea ikiwa na vumbi la unga hadi ndani.

"Hajji, hii bunduki au mkate?"

"Afande, kila kitu changu kina unga. Hata sala zangu."

Nilimfundisha kusafisha. Sijapata mwanafunzi kama yule. Aliuliza, akarudia, akaandika hatua kwa Kiarabu cha madrasa kwenye karatasi ya sukari. Alirudi wiki ile ile kuonyesha alichoweza, ingawa hakuna aliyemwita, na akaleta kabalagala, vile vitumbua vya ndizi, ambazo mkewe, Hajja Zaina, alikuwa amekaanga. Tukawa marafiki hivyo, kwa mafuta ya aina mbili.

Sasa nifike kwenye bima.

Alikuja mtu wa kuuza bima kutoka Jinja, Bwana Waiswa, mwembamba, viatu vinang'aa, mkoba wa ngozi. Kampuni yake ilikuwa na kitu kipya kwa wenye leseni za bunduki. Unalipa kila mwaka, na ikitokea umemfyatulia mtu katika kujilinda, kampuni inakuletea wakili na kumlipa. Aliipa jina refu, lakini mjini ilijulikana mara moja kama bima ya wakili. Aliniomba niweke fomu zake ghalani. Nilizikubali, nikaziweka chini ya kopo la mafuta, na nakiri kwamba kwa muda mrefu zilikuwa na faida hiyo tu.

Hajji aliichukua moja, akakaa nayo siku kadhaa, akaja kuniuliza.

"Afande, ninunue au nisinunue?"

"Wewe ni mwizi?"

"Siyo."

"Unakunywa?"

"Astaghafirullah."

"Basi wakili wa nini? Sheria inakuruhusu kujilinda nyumbani kwako. Weka bunduki safi, usimfyatulie anayekimbia, njoo kituoni useme ukweli. Mimi nipo."

Angalieni neno lile la mwisho. Mimi nipo. Nililisema nikiwa nimekaa, miguu juu ya sanduku, na fomu yenyewe sikuwa nimesoma hata ukurasa wa pili. Hajji aliikunja, akaitia mfukoni bila kuitia sahihi. Aliniamini, kama alivyoamini fimbo na kitambaa.

Ikaja Ijumaa moja. Malukhu nzima ilijua kwamba Ijumaa mchana Hajji yuko msikitini na Hajja yuko kwa dada yake. Lakini Ijumaa ile Hajji alikuwa kitandani na malaria, amejifunika mablanketi mawili. Alisikia dirisha la jikoni linavunjwa. Alitoka na bunduki, akamkuta mtu ameshaingia, ana panga. Alikuwa mbeba magunia wa zamani wa mashine yake, mtu mzima mwenye watoto, ambaye Hajji alikuwa amemfukuza kazi. Hajji alimwambia atoke. Mtu yule akasogea mbele. Hajji akafyatua mara moja, akilenga sakafu. Marisau mengine yaliruka kutoka kwenye saruji, yakaingia mguu wa yule mtu. Akatoka kwa dirisha lile lile akichechemea, akaanguka uani. Majirani walimfunga mguu kwa kitambaa, wakamkimbiza hospitali kwa baiskeli.

Na Hajji? Hajji alikaa kwenye mkeka, meno yakigongana kwa homa, akaisafisha bunduki. Alisafisha mitutu yote miwili. Kisha akavaa kanzu, akaifunga bunduki kwenye shuka, akaja kituoni kwa miguu, akaiweka mezani kwangu mbele ya wenzangu wote.

"Afande, nimefyatua," alisema. "Lakini usijali. Ni safi."

Niliinua mitutu kuelekea dirishani. Mwanga ulijizungusha ndani, pete ndani ya pete, kulia na kushoto. Sijawahi kuona usafi ulionitia hofu kama ule.

Mpelelezi wetu alikuwa Afande Nambozo, mwanamke mtulivu aliyeandika kwa penseli fupi. Jioni ile alirudi kutoka hospitali akanieleza. Yule majeruhi hakukana kuingia nyumbani. Ila alisema alifyatuliwa risasi mbili: ya kwanza ndani ikamkosa, ya pili uani akiwa anakimbia, mgongo wake kwa Hajji. Majirani wengine walisikia mlio mmoja, wengine miwili. Ikiwa ulikuwa mmoja, ndani ya jikoni, ni kujilinda. Ikiwa miwili, na wa pili kwa mtu anayekimbia, ni kujaribu kuua.

"Mitutu ingetuambia," Nambozo alisema. "Mmoja ungekuwa na masizi, mwingine ungekuwa safi. Mambo yangeishia hapo. Sasa ananiletea yote inameta. Mtu ana homa, amemwaga damu ya mtu, kitu cha kwanza anafanya ni kuosha. Ungekuwa mimi, ungefikiri nini?"

"Ningefikiri anaficha," nilisema.

"Eee. Mimi nafikiri hivyo."

Maganda ya risasi hayakusaidia. Hajji alileta moja. Hakuna aliyeweza kuthibitisha kwamba la pili halikutupwa. Na mdomo wake ulimharibia zaidi. Kwa kuwa nilimwambia aseme ukweli, alisema mfululizo tangu alasiri, homa ikiwa juu, bila mtu wa kumwambia pumzika kidogo, Hajji, kunywa maji. Mara alikuwa amesimama mlangoni, mara karibu na meko. Alipoulizwa alifyatua mara ngapi, alijibu, "Moja, nafikiri." Nambozo aliliandika hilo "nafikiri", kama ilivyompasa. Hajji akalala mahabusu na mashitaka mazito juu yake.

Asubuhi yake nilikwenda kumwona. Alikuwa ameegemea ukuta, kofia yake ya kufumwa mkononi.

"Afande, nilikosea hatua gani?" aliniuliza. "Nilifuata zote."

Vijana wangu, nimekaguliwa na wakubwa wakali, nimewahi kupoteza hesabu ya silaha na kuipata alfajiri, lakini hakuna aliyewahi kuniuliza swali gumu kama lile.

Nilikwenda kwa Nambozo, nikamwambia aandike maelezo yangu. Nilisema mimi ndiye niliyemfundisha kusafisha kabla ya kunywa maji, mitutu yote, hata usiotumika. Nilisema nilikuwa nimewafundisha wenye leseni wote wa Mbale vivyo hivyo, na kwamba sikuwahi, hata mara moja, kuwaambia kwamba bunduki iliyomjeruhi mtu haiguswi. Mimi, askari. Aliandika, akaniangalia juu ya penseli.

"Unajua hii karatasi inaenda kwa mkubwa?"

"Najua."

"Na inaeleza kwa nini aliosha. Haisemi mara ngapi alifyatua."

Hapo ndipo, nikiwa nimesimama na aibu yangu, nikakumbuka kitu kimoja zaidi nilichomfundisha. Mtutu mmoja, kitambaa kimoja. Usihamishe uchafu wa huku kwenda kule.

"Afande Nambozo," nilisema, "umeona vitambaa?"

Hakuwa amevitafuta. Hakuna anayetafuta kitambaa. Tulikwenda Malukhu pamoja, mimi nikiomba kimoyomoyo visiwe vimechomwa na taka. Hajja Zaina alitupokea mlangoni, macho yamevimba, lakini tulipotaja vitambaa uso wake ulibadilika kabisa.

"Vitambaa? Mnajua alichukua nini? Leso yangu! Mpya, sijaifua hata mara moja. Ameichana vipande viwili! Mume huyu tangu anioe hajaosha hata kikombe, siku moja anaamua kuosha, anaosha bunduki kwa leso yangu!"

"Hajja, viko wapi?" Nambozo aliuliza.

"Nimeviweka. Namsubiri atoke. Nyinyi mna kesi yenu na yeye, na mimi nina yangu."

Akaingia ndani, akarudi na bakuli la plastiki lililofunikwa sahani. Ndani kulikuwa na vipande viwili vya leso ya maua mekundu. Kimoja kilikuwa cheusi ti, kinanuka baruti. Kingine kilikuwa na mafuta tu, na maua yake yalionekana yote, hata jani dogo la pembeni. Nambozo alivitazama kwa muda mrefu. Kisha, mwanamke yule ambaye sijamwona akicheka kazini, alikaa kwenye ngazi ya jikoni akacheka mpaka akafuta macho kwa mkono.

"Hajja," alisema, "hii kesi yako nitaiazima kidogo."

Haikwisha siku ile. Vitambaa vilifungwa, vikapelekwa kwa wataalamu, na hakimu alimpa Hajji dhamana akisubiri. Yule majeruhi, alipoambiwa habari ya leso, alisema huenda mlio wa pili ulikuwa wa bati la dirisha. Mashitaka dhidi ya Hajji yaliondolewa, na bunduki yake akarudishiwa. Yule majeruhi akajibu yake ya kuvunja nyumba. Mkubwa wangu alinipa karipio la maandishi. Bado ninalo. Limeandikwa vizuri.

Baada ya hayo Hajji akaja tena na ile fomu, imechakaa mikunjoni. Hakuniuliza ninunue au nisinunue. Aliniambia, "Tuisome."

Tukamwita Bwana Waiswa, tukaisoma mstari kwa mstari ghalani, siku nzima. Na nyinyi mkiulizwa na raia, someni nao, msijibu mkiwa mmeweka miguu juu ya sanduku. Tuliuliza wakili ni nani na anakaa wapi. Anakaa Jinja, naye anaweza kufika Mbale siku hiyo hiyo. Tuliuliza kama bima inalipa hospitali ya aliyejeruhiwa. Hailipi. Je, ukipatikana na hatia? Wakili anabaki nawe mpaka hukumu, lakini faini ni yako. Je, mkeo akifyatua? Lazima aandikwe jina. Kisha tukafika kwenye masharti ya mwisho. Mwenye bima asiiguse bunduki baada ya tukio, na asieleze lolote mpaka wakili afike, la sivyo kampuni inaweza kujitoa.

Nilisoma sharti lile mara mbili. Kumbe hata kama Hajji angeinunua nilipomkataza, sheria yangu ya usafi ingemnyang'anya wakili wake.

"Kwa hiyo bima hii," Hajja Zaina alisema, maana safari hii alikuja mwenyewe, "ni ya mume asiyeosha na asiyesema?"

"Kwa kifupi, Hajja," Bwana Waiswa alijibu.

"Weka sahihi, Magidu. Ni wewe kabisa."

Hajji alicheka, lakini mkono wake ulikuwa mzito. Aliniambia baadaye kwamba alikuwa akifikiria ile alasiri ya mahabusu, maneno yakimtoka kama unga kwenye gunia lililotoboka, na hakuna mtu wa kushika tundu. Kwa ajili ya mtu wa kushika tundu, aliweka sahihi.

Ukaguzi uliofuata alikuja kwa wakati, kama kawaida yake. Nilifungua shuka, nikainua mitutu kuelekea dirishani. Giza, na ndani ya giza madoa ya rangi ya chai.

"Hajji! Hii ni kutu!"

"Najua, afande."

"Mwaka mzima hujaisafisha?"

"Fomu inasema nisiiguse."

"Baada ya kufyatua, Hajji! Kama hujafyatua, safisha. Kama umefyatua, iache, nijulishe. Ni hayo tu."

Aliyarudia maneno yale, vizuri, kama mwanafunzi aliyekuwa. Nikatoa fimbo na mafuta, nikaanza kusugua. Hajji akasema polepole, "Afande, fomu niliielewa siku ile ile. Nisingeigusa hata kama isingesema."

Nikaacha kusugua.

"Nilikutana na yule mtu Busiu," alisema. "Ametoka gerezani. Anatembea na fimbo. Tukasalimiana. Na nikajua kwamba mpaka leo sikumbuki nilifyatua mara ngapi. Leso inakumbuka, nyinyi mnakumbuka, karatasi inakumbuka. Mimi nasikia mlio mmoja, halafu niko kwenye mkeka nasafisha. Wakili atanisaidia baadaye, sawa. Lakini kabla ya mlio, pale jikoni, niko na nani?"

Nilitaka kusema mimi nipo. Safari hii niliuma ulimi.

"Unataka kufanya nini, Hajji?"

"Wacha ibaki hapa kwako. Mimi nimeweka vyuma madirishani. Na yule mtu nimemrudisha kazini kwenye mashine, analinda getini. Hajja anasema nimerogwa."

"Na bima?"

"Hiyo imeisha mwezi huu. Bwana Waiswa amelia sana."

Nilimwandikia hati ya kupokea silaha. Aliisoma yote, mstari kwa mstari, kidole chini ya kila neno, akauliza maswali mawili, akaweka sahihi. Kisha akavua kanzu, akaitundika kwenye msumari, akakunja mikono ya shati.

"Sogea," aliniambia. "Mtutu wa kushoto ni wangu."